Kona ya Mama Tusekile

Saa tatu asubuhi, Tukuyu, na ukungu bado umekaa migombani
kama mgeni asiyeambiwa kuwa chakula kimeisha.
Nimezilaza kamera mbili juu ya kitanda cha wageni:
hii nyepesi, ya dijitali, ambayo bado naidaiwa kila mwezi,
na hii nzito, ya filamu, sanduku jeusi lenye ngozi iliyobanduka,
aliyoniachia fundi Sanga alipofunga studio yake ya Mwanjelwa
akarudi Makete kulima viazi.

"Ina picha kumi na mbili tu," aliniambia.
"Ukibonyeza ovyo, umekula mbegu."

Nyumba inauzwa. Mnunuzi, bwana Mgaya wa Njombe,
anataka kuviona vyumba kabla hajapanda gari:
"Vipana, dada. Na viwe na mwanga."
Mama Tusekile, mjane wa mpima ardhi,
hajasema anataka nini. Ameniletea chai. Ameketi.

Shida ya sebule hii ni ya sebule nyingi huku juu:
dirisha moja, dogo, lililojengwa kwa kuogopa baridi.
Ukipima dirisha, chumba kinazama.
Ukipima chumba, dirisha linaungua,
na migomba yote ya nje inageuka unga.

Kwa dijitali ni kazi ya dakika mbili.
Nikapiga tano, kutoka giza hadi ya kuumiza macho,
nikazishona kwenye kompyuta, mshono usionekane.
Ee, ilipendeza! Kila kitu kilijitokeza:
masizi ya dari, msumari usio na picha,
hata alama nne za miguu ya kabati
lililouzwa mwaka wa msiba.

Nikamgeuzia kioo. Akavaa miwani,
akatazama kama anayemtafuta ndugu yake
katika picha ya darasa zima.
"Hapa," akasema, kidole kwenye kona ya kushoto,
"pana mwanga."
Ndiyo, mama.
"Hapa hapajawahi kuwa na mwanga.
Mwakifwamba alikaa hapo na redio yake
miaka thelathini na moja.
Nilijua yupo kwa kikohozi."

Sasa wewe niambie ningefanya nini.
Filamu moja ni bei ya nusu gunia la viazi.
Mwezi uliopita niliharibu nzima, ya kanisa,
kwa maji baridi na haraka yangu mwenyewe:
kumi na mbili, zote nyeupe kama uji wa mgonjwa.
Na Mgaya hangoji wiki mbili.

Nikaifunga ile nzito kwenye miguu yake mitatu.
Nikainama juu yake kama anayechungulia kisima,
na humo chini sebule ikageuka,
kona ya kushoto ikahamia kulia,
giza lake likiwa zima, halijaguswa.
Kipima mwanga hakikutikisika.
Nikahesabu kwa vidole: sekunde arobaini.
Lakini fundi alisema gizani filamu ni mvivu,
ikidai arobaini, ipe themanini.

Nikafungua.
Kumi. Ishirini. Ukungu ukapita dirishani, ukarudi.
Kwenye thelathini Mama Tusekile akainuka,
akachukua kikombe chake, akavuka chumba
(kuvuka hakutaonekana, filamu haishiki wapitao)
akaketi kwenye kile kiti cha konani.
Sikumzuia.
Nikaendelea kuhesabu, midomo tu,
hadi themanini, na tano za kuogopa.

Mgaya alishapokea yake kwenye simu.
Alijibu kwa kidole gumba.

"Imetoka?" akauliza Mama, bado yuko gizani.
Sijui.
"Utajua lini?"
Zikiisha kumi na moja zilizobaki.
Akanyamaza. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini,
kisha magoti yake, kisha kitasa.
"Basi njoo jikoni," akasema. "Kule ndiko kuna giza."