Chupa Isiyo na Lebo

Mende wa stoo walikula jina lake.
Si kwa uchu wa elimu, walitaka gundi tu.
Ikabaki chupa ya kahawia, nusu,
nyuma ya mirija iliyopasuka,
na harufu ya kituo cha petroli saa sita mchana.

Mwalimu mkuu akasema, imwage, Kageha.
Niimwage wapi? Mtaro wetu wa Kibos
unateremka hadi ng'ombe wa watu wanywapo.
Nikamjibu: hatuziki tusiyemjua.

Apondi wa kidato cha nne alikuwa pale
akifua vitambaa vya maabara, adhabu
ya kuuliza swali lililomshinda mwalimu.
Akaitikisa chupa karibu na sikio
kama mtu anayechagua mayai.
Kitendawili, akasema.
Tega, nikasema.

Gramu sifuri nukta saba mbili,
ndani ya kitone cha kioo kilichozibwa,
maana kimiminika hiki hujiiba chenyewe:
ukipepesa jicho, kimepungua.
Tukakiunguza bombani, oksijeni ikipita taratibu.
Mwanga kidogo. Kisha hakuna kitu.

Watu husema kilichoungua kimepotea.
Kibanda cha mama kilipoteketea Kibuye
alichuja majivu kwa chekecheo la unga,
akaokota vijisumari vya shaba, vile vya mifukoni,
mia mbili hamsini na viwili.
Akagawa kwa sita.
Jinzi arobaini na mbili, akamwambia aliyemkopesha,
na yule bwana, aliyekuja na maneno makali,
akakaa chini akahesabu naye.
Rangi zake tu ndizo hakuna aliyeweza kusema.

Basi tukahesabu vijisumari.
Maji, yaliyonaswa na kalsiamu kloraidi: moja nukta sifuri nane.
Hewa ukaa, iliyonaswa na chokaa: mbili nukta mbili.
Apondi akagawa kwa kumi na nane, kwa arobaini na nne,
akakumbuka kuwa kila tone la maji ni haidrojeni mbili,
akafuta, akaandika upya.
Kaboni tano. Haidrojeni kumi na mbili.
Akazipima tena zote mbili kwa pamoja:
sifuri nukta saba mbili. Hakuna mgeni wa tatu humo.
Pentani! akasema,
kama anayemwita mtu ng'ambo ya barabara.

Lakini pentani ni watatu,
beti tatu za mizani moja, vina mbalimbali.
Mmoja amenyooka kama reli.
Mmoja ametoa tawi.
Mmoja amejikunja msalaba, huyo ni hewa tupu,
angetoroka siku kizibo kilipofunguliwa.
Moto hauwezi kuwatenganisha waliobaki.
Moto huhesabu, hauoni sura.

Kitabu kinasema: wa tawi huchemka digrii ishirini na nane,
aliyenyooka, thelathini na sita.
Tukatumbukiza mrija kwenye maji vuguvugu, madirisha wazi,
moto wote umezimwa, kipimajoto kikipanda.
Mapovu yakaanza thelathini na mbili.

Katikati. Si huyu, si yule.
Apondi akakitazama kitabu kama mtu aliyedanganywa na shangazi.
Imetushinda, akasema. Inataka mji.

Ipe Kisumu, nikamwambia.

Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Kwa sababu birika letu la chai, hapo pembeni,
sijawahi kuliona likifika mia;
tisini na sita, linatokota.
Aliyeandika kitabu alipima usawa wa bahari.
Sisi tuko juu, hewa yetu haikandamizi sana,
na kila kinachotaka kuondoka
huondoka mapema kidogo.

Ongeza nne, akanong'ona.

Aliandika lebo kwa penseli. Nikampa utepe, si gundi.
Jina, fomula, tarehe,
na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo:
*Kisumu, 32.*
Vitambaa vilikuwa bado karaini, povu limekwisha.