Chaki Nyekundu

Saa tisa za usiku, Olomouc. Tramu ya mwisho imelala.
Vlasta aliingoja ilale, maana reli ikitikisika
vioo hutetemeka, na nuru hupotea njia kwa upana wa unywele.

Leza ya buluu inachoma fuwele ndogo kama punje ya mtama;
humo huzaliwa pacha, pacha, pacha.
Mmoja hushika waya wa kioo hadi darini
mwa kiwanda cha bia kilichofungwa, ng'ambo ya mto,
alikojikunyata Radim na skafu ya mamaye.
Wa pili huja hapa chini, penye harufu ya risasi iliyoyeyuka
na kahawa ya jana.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Profesa Zedník amekula miaka thelathini na mmoja
akiitafuta kata hiyo.
Hakukubali kwamba pacha hujibu sawa bila kuambiana.
"Mmoja akiulizwa, humnong'oneza mwenziwe.
Mnong'ono una mbio kuliko nuru, haya,
lakini ni msafiri. Na msafiri huchelewa."

Basi waulizwe pamoja,
papo kwa papo, mnong'ono ukose hata pa kupenya.
Ukichelewa, jumla haitavuka mbili.
Aliandika mwenyewe ubavuni mwa kabati, kwa chaki nyekundu:
IKIZIDI MBILI, NIMEKOSEA.
Akatia sahihi, kama mtu akopaye.

Miezi saba waliukata waya, wakauunga,
wakaukata tena, tofauti ya ukucha.

Mbili nukta sita saba.

Vlasta hakushangilia. Alizima, akawasha, akapima upya.
Mbili nukta sita sita.
Akapanda ngazi na karatasi, polepole,
kama apelekaye habari za msiba kwa mwenye nyumba.

Mzee alikuwa macho, kavaa koti.
"Mlifunika madirisha?" Tulifunika.
"Pembe alichagua nani?" Bahati, Profesa. Mashine ya bahati.
Akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaifunua.

Vlasta akashika kitambaa afute kabati.
"Acha," akasema. "Wajue nilisimama wapi."

Kisha, akitafuta kofia:
"Na kama mnong'ono una mbio zaidi ya hapo?"

Vlasta hakujibu.
Nje, tramu ya kwanza ilipiga kona,
na vioo vyote vya chini
vikaanza kutetemeka.