Daftari la Jicho la Kushoto

Februari nilinunua daftari la mistari
kwa Mama Kasyoka, hapa Umoja,
nikaandika kwenye jalada: JICHO.
Kila mara jicho la kushoto lilipocheza
niliweka tarehe, saa, na ukope gani:
wa chini, machozi; wa juu, mgeni.
Ndivyo asemavyo Shangazi Kwamboka,
naye hakufunzwa na mtu, alizaliwa akijua.

Mimi ni mtu wa maabara. Ngara, ghorofa ya pili,
juu ya fundi wa viatu.
Nalipwa kuhesabu vijidudu vya malaria chini ya lenzi
na kutoandika nisichokiona.
Mwenzangu Musembi huvaa bangili ya shaba
kwa ajili ya baridi yabisi.
"Inasaidia?"
"Sana. Hasa Julai ikishaisha."

Kufikia Oktoba jicho lilikuwa limecheza mara sitini na tatu.
Mara nne kulikuwa na kitu:
wageni wawili, mmoja wao karani wa kusoma mita ya maji;
machozi mara moja, ya kitunguu;
na ile Jumanne ya simu kutoka Kericho,
ambayo sitaifanyia mzaha.
Mara hamsini na tisa lilicheza tu,
kama taa ya ngazini kwetu,
kwa uchovu, kwa kahawa, kwa zamu za usiku.

Nikampelekea Shangazi hesabu yangu.
Alikuwa akichambua mchicha.
Zile nne alizisoma kwa sauti, kichwa kikiitikia.
Zile nyingine akazipitia kando
kama mtu anayekwepa dimbwi.
"Na hizi?" nikauliza.
"Hizi zina nini?"
"Hazina kitu."
"Basi mbona umeziandika?"

Sikuwa na jibu la kumshinda, na sinalo hadi leo.
Nani amewahi kubisha mlango wa jirani usiku
kumwambia jicho limecheza na hakuna aliyekuja?
Lisilotokea halina msimulizi.
Bundi alilia Aprili juu ya transfoma,
Baba Achola akafa Desemba,
na ploti nzima ikasema: si tulisikia?
Miezi minane! Bundi gani huyo,
mwenye subira ya mwenye kudai deni?
Lakini nyuzi mbili zikilala karibu
kichwa huzifunga fundo chenyewe,
gizani, bila kuombwa.

Halafu Bosibori akaugua tumbo.
Saa saba za usiku wakampitisha mlango wa chumba cha upasuaji,
miaka sita, kiatu kimoja,
daktari akaniambia neno moja: subiri.
Ujanja gani wa maabara unasubiri?
Korido ilikuwa na vigae vyeupe na vyeusi.
Miguu yangu ikaanza kukanyaga vyeupe tu.
Sikufunzwa na Shangazi hilo,
sikulisikia popote, nililitunga papo hapo,
na kufikia saa nane lilikuwa sheria.
Nilijua ninachofanya. Ningeweza kukieleza darasani:
mkono usio na kazi hutafuta mpini,
na pasipo mpini hushika hewa.
Nilijua, na sikukanyaga cheusi.
Hata mlinzi aliponiomba nisogee,
nilisogea kwa kuruka.

Saa tisa jicho likacheza. La kushoto. Ukope wa chini.
Nikalibana kwa kidole
kama mtu anayeziba bomba lililopasuka.

Alitoka saa kumi na robo, ulimi mkavu, akidai soda.

Kesho yake nilifungua daftari.
Nikaandika tarehe. Nikaandika saa tisa. Nikaandika: chini.
Safu ya mwisho ilitaka neno moja, "hakuna",
mara ya sitini, ushahidi safi,
nami ni shahidi anayelipwa kusema kweli.
Kalamu ikasimama.
Kwani vile vigae?

Kazini tungesema sampuli imechafuka,
mwaga, osha, rudia kipimo.

Sirudii.