Kabla ya Kupiga Windo

Fundi Ausi kasema kesho saa tatu, baada ya chai,
atapiga windo upya, kuanzia chini,
na kisichohamishwa leo asilaumiwe mtu.
Kompyuta ya chama huchukua robo saa kuamka,
kiduara kikizunguka pale pale
kama kuku mwenye kideri.
Nimechoka kuibembeleza.

Basi nimebaki ofisini. Ukungu wa Newala umeshuka
hadi kwenye nondo za dirisha,
magunia matupu yamekunjwa yakingoja korosho.
Mezani: diski ya nje, ya kuazima shule ya kata,
flashi mbili, moja imepoteza kifuniko,
na daftari, maana umeme siuamini.
Gesi inachimbwa huku huku kwetu,
na taa inakatika bila hodi.

Nimeanza na nywila.
Ya barua pepe, ya mfumo wa ghala.
Ya benki siiandiki, niliimeza zamani.
Namba ya leseni imebandikwa ubavuni;
mjusi kafiri kachafua herufi ya mwisho:
nane, au B?
Nimeandika zote mbili.

Dereva ya printa haipo. Kisahani chake
kinaning'inia shambani kwa Nandonde,
kinafukuza ndege kwenye mtama.
Nilimpa mwenyewe, mwaka juzi, tukacheka.

Kisha orodha ya wanachama.
Mashine inasema mia nne kumi na mbili.
Mimi nawajua kwa nyuso, hawafiki.
Wengine wameingia mara mbili:
baba alimwandikisha mwana kwa jina la utotoni,
mwana akarudi jandoni na jina lake jipya
akajiandikisha tena.
Nchimbila Saidi, kilo sifuri.
Bakiri Saidi, kilo mia sita na tano.
Mtu mmoja, mistari miwili, dole gumba lile lile.

Nikajitafuta. Nipo.
Namba mia na saba, jina ambalo
hakuna aliyeniita tangu likumbi lilipochomwa
tukaambiwa twendeni, asigeuke mtu.
Niligeuka. Kidogo tu.
Ulikuwa moshi, na mbuzi wa watu akipita.

Aliyeniandika ni marehemu karani Mmuya,
namjua kwa herufi kubwa tupu
na koma mahali pa nukta; alichapa kwa kidole kimoja.
Folda yake bado ipo. Ameiita USIFUTE.
Nimeifungua kwa adabu, kama mlango wa mkwe.
Hamna kitu.
Nikakaa nikiitazama.
Labda alihamisha akasahau. Labda
aliitengeneza asubuhi, akaitwa kupima mzigo,
na mchana ukawa mrefu.

Saa tano na nusu mstari wa kijani umefika
asilimia tisini na nne, ukagoma.
Somoe kapiga simu: leo unalala na hiyo mashine?
Nikamwambia mgonjwa anaogeshwa.
Akakata.

Kunakili si kuokoa, Ausi hulisema hilo kila mara.
Kwa hiyo nimefungua moja moja, toka kwenye diski:
risiti za ghala, sawa.
Deni la salfa, kwa bahati mbaya, sawa.
Picha ya mkutano mkuu imefunguka nusu,
wajumbe wa mbele wana miguu,
juu ya viuno ni kijivu.
Nimerudia mara tatu. Bado kijivu.
Nimeandika daftarini: picha, miguu tu.

Majina pacha nimeyafuta, kumi na tisa,
nikisoma kila moja kwa sauti kwanza,
sijui kwa nini, ofisini sikuwa na mtu.
Mia na saba nimeiruka.
Na folda ya Mmuya nimeihamisha pia,
haikuchukua nafasi hata punje.

Nimechomoa diski. Ina joto,
kama yai lililotolewa chini ya kuku.
Nimeifunga kwenye leso, nikaitia kwenye bati la biskuti.
Kisha nikaiambia mashine izime.
Ikaniuliza kama nina hakika.
Ikachukua dakika tisa kukubali.