Dakika ya Kumi na Tisa

Tumefika saa nne asubuhi, mimi na Zbylut na goti lake bovu,
kwenye machimbo ya chokaa nje ya Kielce,
ambako mwamba umekatwa ngazi ngazi
na jukwaa limekaa chini kabisa, mahali pa jino lililong'olewa.
Zbylut amebeba kiti cha kukunja, supu ya biti kwenye chupa ya chai,
na santuri moja ndani ya mfuko wa plastiki:
amekuja nayo itiwe saini, mwaka wa kumi na moja sasa,
na kila mwaka anaona haya.

Mke wangu, kabla hajaondoka, alizoea kusema
huu ni muziki wa watu waliofaulu hesabu
wakakosa wa kucheza naye.
Sikumbishia. Mimi ni fundi wa lifti mjini Łódź;
kutwa nasikiliza kamba za chuma,
najua sauti ya kitu kinachopanda
na sauti ya kitu kinachojifanya kupanda.

Jioni. Vijana wachache, vipara wengi,
fulana nyeusi zilizofuliwa mpaka zikawa rangi ya panya.
Hakuna anayecheza. Twatikisa vichwa
kama wajumbe wanaokubali jambo zito,
kila mtu vidole mfukoni, akihesabu:

saba, halafu saba,
la nane halijaja
wala halitakuja
na bado nalingoja,
mguu uko juu
kama mtu gizani
atafutaye ngazi
ya mwisho, na hakuna.

Mnara wa Chumvi wakapanda saa tatu na robo.
Hawakusalimu. Hawasalimu kamwe; wangesalimu tungekereka.
Wakaanza ule wa dakika thelathini na moja,
uliojaza upande wa pili wote wa santuri
niliyoinunua nikiwa na miaka kumi na sita, kwa pesa za viatu,
nikaipita theluji ya mwaka ule na raba.

Dakika ya kumi na tisa mvua ikashuka.
Si manyunyu. Mvua ya ndoo, ya kurudishia bia kwenye glasi.
Maturubai yakakimbizwa, nyaya zikafunikwa kama wagonjwa,
na kinanda cha Hortensja Bielak kikatoa mlio mmoja
wa mbuzi aliyekanyagwa, basi.
Mpiga ngoma akaendelea. Angefanyaje? Yuko katikati ya saba.
Besi ikamfuata.
Na pale kinanda kilipopaswa kuingia pakabaki tundu,
tundu lenye umbo kamili la kinanda.

Sijui nani alianza. Nasema ni Zbylut; yeye anakana.
Sauti nzito, bila maneno, imeteleza kidogo chini ya noti,
kisha safu yetu, kisha ngazi ya juu, kisha shimo zima:
wahasibu, madereva wa treni,
mwalimu wa kemia aliyevaa mfuko wa taka,
watu elfu tatu wenye migongo mibovu
wakiimba sehemu ya kinanda, pigo kwa pigo,
hata lile kosa alilolifanya studio, nao wakaliacha,
tuliliimba vilevile, kosa zima.

Hortensja alisimama mikono ikining'inia,
nywele zimemganda usoni, hana kazi,
akisikiliza kama mtu anayesomewa barua aliyoiandika mwenyewe.
Kisha akacheka. Kisha, nadhani, hakuwa anacheka.

Hatukufika thelathini na moja. Umeme ulikatwa,
zimamoto wakatuomba kwa adabu tutoke.
Santuri ya Zbylut ililowa, ganda likavimba kama mkate.
Kwenye maegesho, gari limezama topeni hadi ekseli,
binti yangu akapiga simu: Baba, ilikuwaje?
Nikafungua mdomo. Nikatafuta pa kuanzia.
Mvua, nikamwambia. Mvua ilinyesha.
Nyuma ya gari Zbylut anasukuma, akiegemea goti lile zima,
anahesabu kwa sauti,
na kwenye saba, bila kungoja nane,
tairi likashika.