Vyukudu

Kwanza alisema ba. Ba, ba, ba,
nami nikajivuna kituo kizima:
binti yangu ananiita.
Mama mkwe akacheka hadi akashika mbavu.
Kijiko nacho kilikuwa ba,
na mlango, na mbuzi wa jirani.

Kisha miezi ya kusikiliza.
Tulidhani amenyamaza, kumbe anaokota.
Mgongoni mwa mamaye, soko la Virunga,
aliokota bei za kabichi,
matusi ya wabeba mizigo (hayo aliyaficha vizuri),
Kinande cha bibi yake kikisongwa pamoja na fufu,
Kifaransa cha redio, vipande vipande,
kama tuokotavyo mawe meusi ya kujengea ukuta:
moja linakaa, jingine linakataa.

Siku moja neno likakaa. Kudu.
Kudu ni mimi nikirudi na makala ya Kibumba.
Kudu ni gurudumu, ni ndege ikishuka juu ya mabati yetu.
Kudu ni mngurumo wa mlima usiku ule,
na usiku ule hakuna aliyemsahihisha.

Alipotimiza miaka miwili na nusu, ufukoni, tukiteka maji:
"Hili ni ziwa?"
Ndiyo, Kanyere, ni ziwa.
"La nani?"
La wote.
Akatazama kifua cha mamaye, akatazama ng'ambo.
"Maziwa yake yako wapi?"
Nikajaza bidoni.

Akasema majicho. Tukasema macho.
Akasema majicho, polepole,
kama mtu anayemwelewesha mjinga.

Na jana asubuhi, mamaye akisugua vyungu,
mimi na shemeji Muhindo tumeegesha ukutani,
mtoto akanyoosha kidole chenye uji:
"Chukudu ya baba. Chukudu ya mjomba."
Akatua. Nikaiona midomo ikipima.
"Vyukudu."

Nani kamfundisha? Si mimi.
Miaka kumi na minne nasukuma mti huu,
goti la kulia limeota sugu juu yake,
na kwetu ni chukudu moja, chukudu mia.
Neno hilo hakulisikia popote.
Alilikuta mwenyewe, humo humo ndani,
mahali ambapo sisi tunapita na mizigo bila kugeuza shingo.

Leo mpira wa gurudumu umechanika pale Birere.
Nikamwambia fundi Paluku:
nina vyukudu viwili, changu na cha shemeji.
Hakuinua kichwa.
"Vyote mpira," akauliza, "au kimoja breki?"