Mnada wa Jumamosi

Ndahani alichora kwa mkaa
juu ya mifuko ya saruji iliyochanwa:
waliolala barazani, soko la Majengo,
vumbi la Agosti ndilo shuka.

Jumamosi, wenzetu wakinadi mbuzi Msalato,
sisi tukanadi watu.
"Laki! Laki na nusu!"
Bwana mmoja wa wizarani akamnunua Mama Mbeleje,
mguu wa bendeji, kikombe cha bati, hata nzi.

Mwenyewe alikuwa mlangoni, amekuja kujiona.
Akaitazama ikiviringishwa, ikipakiwa garini.

"Haya," akasema, "sura yangu imepata ukuta.
Mimi je, nahamia lini?"

Tukahesabu fedha tena.
Chumba Chang'ombe, kodi ya miezi mitatu.
Wa nne hatukuutaja.
Mama Mbeleje alikunja vidole vitatu,
cha nne akakiacha kimesimama.